Sitini na Watatu wa Januari Mosi

Machi 4

Mvua imeanza, na leo Kikongwe amestaafishwa.

Kikongwe ni kompyuta ya ofisi yetu ya makaburi. Jina alipewa na Sepetu, mchimbaji wetu, kwa sababu kila asubuhi ukimwasha anakohoa, anasaga meno, ananyamaza kama amekata roho, halafu maandishi ya kijani yanatokea. Nimekaa mbele yake miaka kumi na tisa. Kila aliyezikwa hapa nimemwandika kwa vidole hivi. Kibali cha maziko kina jina la mtu na tarehe, lakini namba ya kaburi haimo. Namba naitoa mimi, namtamkia Sepetu dirishani, kisha namwekea Kikongwe. Hakuna daftari jingine.

Leo watu wa makao makuu wamekuja na waya wao, wakahamisha kila kitu kwenye kishikwambi cha Msimamizi mpya. Miaka kumi na tisa imehama kwa muda wa kuchemsha chai. Msimamizi ni dada wa kama miaka thelathini hivi, viatu vyake havijawahi kuona tope. Ameniambia, "Mama, sasa utapumzika."

Sikuwa nimemwomba mapumziko.

Machi 5

Mvua. Maziko mawili. Kishikwambi kinatoa namba chenyewe, mimi nafungua na kufunga dirisha.

Machi 9

Wamempeleka Kikongwe stoo. Sepetu alimbeba begani kama mgonjwa. "Pole, bibi," akamwambia. "Hata mimi siku yangu iko njiani. Watanunua kibao kinachochimba." Nimecheka mpaka machozi, kisha nikaenda kumfunika kwa turubai. Paa la stoo linavuja.

Machi 12

Leo amekuja mzee mmoja mwenye mkongojo. Ni mshonaji. Nilijua kabla hajasema, kwa uzi mweupe uliong'ang'ania kwenye mkono wa koti lake. Aliegemea dirishani akasubiri pumzi imrudie.

"Namtafuta mke wangu," akasema.

Yeye na mkewe walipata ajali mwaka jana, msimu kama huu. Mke alikufa palepale. Yeye alilala hospitali hajitambui, na alipofumbua macho mkewe alikuwa ameshazikwa siku kumi na moja. Mashemeji ndio waliozika. Tangu hapo mifupa ya nyonga imekuwa ikiungwa na kuvunjwa tena na madaktari, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kutembea mwendo wa kufika hapa. Mashemeji wanakumbuka "kule chini karibu na ukuta." Kule chini karibu na ukuta ni kitalu D chote, na alama za mbao za kitalu D maji yalizizoa zamani.

Nikampa Msimamizi jina. Akalitafuta. Akalitafuta tena kwa herufi nyingine.

"Hayumo, mama."

"Hayumo vipi? Aliandikwa hapa."

"Kwenye kishikwambi hayumo."

Mshonaji alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyepeleka nguo ya mteja na mteja akasema hajawahi kuleta kitambaa. "Basi nitarudi baada ya wiki mbili," akasema. Nimemsindikiza hadi lango. Nilimwambia, "Baba, hiki kidude ni kipya, hakijui watu. Tutampata." Nimemwombea kwa jina.

Machi 15

Mvua tangu alfajiri. Paa la stoo bado.

Machi 19

Leo naandika mengi, maana nikiyaacha ndani yataoza.

Familia moja ilikuja kumzika bibi yao. Kishikwambi kikatoa namba D-17. Baada ya dakika chache Sepetu akarudi dirishani, tope hadi magotini.

"Dada, pale pana mtu."

"Kishikwambi kinaonyesha pako wazi," Msimamizi akasema kutoka mezani kwake.

"Kibao hakijawahi kushika jembe, bosi. Udongo uliowahi kufunguliwa hukatika kama mkate. Ambao haujafunguliwa hukataa. Pale panakatika."

"Kwa mvua hii kila mahali panakatika. Mama, wewe unaikumbuka D-17?"

Hapa ndipo nilipotenda dhambi yangu. Nilikumbuka kitu. Sikukumbuka jina wala sura ya aliyekuja kuzika. Nilikumbuka mdomo wangu ukitamka "kumi na saba" asubuhi moja ya mvua, na Sepetu akiitikia "haya" huku anakimbia. Ningesema tu, "Hebu tusubiri." Badala yake nikasema, "Mimi nimeshapumzishwa, dada. Muulize huyo mwenzio wa mkononi."

Na nilijisikia raha. Nilitaka kile kidude kiaibike. Mungu anajua.

Sepetu alichimba. Familia na Msimamizi walisimama chini ya miavuli, jeneza likiwa juu ya benchi wamelifunika nailoni. Kwenye kina cha futi nne jembe likagonga ubao. Mlio ule haufanani na wa jiwe, hata ambaye hajawahi kuusikia anaujua. Binti wa marehemu alipiga ukelele mmoja tu. Kaka yake akaruka tuta, akamkunja Msimamizi shati. "Mnataka kumlaza mama yetu juu ya mtu? Juu ya mtu?"

Sepetu alibaki mle shimoni. Alivua kofia, mvua ikimpiga kipara, akamwambia yule aliyelala, "Samahani, ndugu. Lala." Akaanza kumrudishia udongo kwa mikono, si kwa sepetu. Miaka yote nimemchukulia mtu huyu kuwa mchekeshaji tu.

Bibi akazikwa D-41, saa moja baadaye. Msimamizi alisimama kwenye tope mpaka mwisho, na viatu vile vyake.

Machi 20

Watu wote wanauliza. Nawajibu wote: ni kishikwambi, na aliyekileta.

Machi 26

Mshonaji amerudi, kama alivyosema. Nikamwambia habari ya D-17, kwa urefu, na chumvi kidogo. Nilidhani namfariji. Mzee akapandwa na hasira, akaingia ofisini bila kubisha, akagonga meza ya Msimamizi kwa mkongojo.

"Mke wangu umemfuta! Mtu mzima unamfuta kama chaki!"

"Mzee wangu, naomba ukae..."

"Sikai! Nimekaa mwaka mzima kitandani!"

Ameandika barua makao makuu. Watu wa D-17 nao wameandika. Nasikia Msimamizi ataondolewa. Leo amekula chakula chake amesimama dirishani, ametupa mgongo. Nilitaka kufurahi, furaha haikuja.

Machi 29

Mvua. Sepetu ana homa.

Aprili 2

Makao makuu wamemtuma Fundi wa kompyuta achunguze. Mtu wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa waya. Amekikalia kishikwambi asubuhi nzima. Halafu akaniita.

"Mama, nisaidie. Hapa mliwahi kuzika watu sitini na watatu siku moja?"

"Mungu apishe mbali! Siku gani?"

"Januari mosi, mwaka elfu moja mia tisa themanini."

"Mwaka huo hapa palikuwa shamba, kaka. Makaburi hayakuwepo."

"Ndiyo maana mfumo mpya umewakataa. Tarehe yao ni ya kabla ya makaburi kufunguliwa, ukawahesabu kuwa data chafu, ukawaacha nje. Sasa najiuliza tarehe hiyo ilitoka wapi." Akavua miwani. "Ile mashine ya zamani, asubuhi ilikuwa inauliza tarehe?"

Nilikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Ndani ya Kikongwe kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, ndiyo inayomkumbusha siku. Betri hiyo ilikufa miaka miwili iliyopita. Fundi wa wakati ule alikosa nyingine, akaniagiza: kila asubuhi Kikongwe atakuuliza leo ni tarehe ngapi. Mwandikie. Usimruke, maana ukimruka ataanza kuhesabu tangu siku aliyoumbwa. Na mimi nilimwandikia. Lakini asubuhi za mvua waliofiwa wanasimama dirishani wamelowa, mwingine ana mtoto mgongoni, na Kikongwe anakohoa taratibu. Nilikuwa nawaonea huruma. Nilibonyeza kitufe kimoja nikapita. Jina liliingia, namba iliingia, mambo yakaenda. Tarehe ya maziko aliiweka yeye mwenyewe, nami sikuitazama.

Huruma ya kidole kimoja. Watu sitini na watatu, wote wa kitalu D, wote wa asubuhi za mvua.

"Wako wapi sasa?" nikamuuliza.

"Waliokataliwa huku hawakuhifadhiwa, imebaki hesabu na tarehe tu. Wamebaki kwenye mashine yenyewe. Iko wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa stoo. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tukashindwa kusikilizana.

Aprili 3

Sikusema neno kwa mtu. Fundi amekwenda kutafuta vifaa. Ameniambia, "Taarifa nitaiandika mimi, lakini maneno ni yako, mama." Hakunitaja kwa Msimamizi. Ingekuwa rahisi kama angenitaja.

Aprili 4

Nimesali, chakula sikugusa. Mume wangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia yote, na ugali ukapoa. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ulipokuwa unamsema yule dada, ulisema mbele ya watu wangapi?" Nikasema wengi. "Basi ndio hao hao utakaowaambia ukweli." Akaendelea kula.

Aprili 6

Nimemwambia Msimamizi. Niliingia na kufunga mlango, nikasema yote nimesimama: tarehe, D-17, nilichokumbuka nikanyamaza, niliyomwambia Mshonaji. Nilingoja anitukane. Nje ya dirisha Sepetu alikuwa akijifanya anakung'uta jembe.

Msimamizi alikigeuza kishikwambi kifudifudi mezani.

"Siku ile ya kuhamisha," akasema, "palitokea maandishi mekundu. Rekodi sitini na tatu zimekataliwa, je, uendelee? Nje watu wa makao makuu walikuwa wanataka kuondoka, gari linaungurumishwa. Nikabonyeza 'endelea'. Sikuuliza hata sitini na tatu ni nini." Akanitazama. "Wewe ulibonyeza, mama, na mimi nikabonyeza."

Nikamwambia, "Lakini anayefukuzwa ni wewe peke yako."

"Hiyo ni kweli."

Nimekwenda makao makuu mchana huohuo, nimelowa kama kuku, nikasema yaleyale mbele ya wakubwa watatu. Nimepewa barua ya onyo kali. Msimamizi anabaki. Ulimi hauna mfupa, lakini leo wangu ulikuwa mzito kama una jiwe.

Aprili 12

Kikongwe amefufuliwa, na amekufa. Nieleze kwa taratibu.

Fundi alimkausha siku tatu kwa taa na feni. Ndani alikuwa na kutu, na mjusi aliyekauka. Asubuhi ya leo tukamwasha. Kimya. Fundi akaligonga sanduku la diski ubavuni kwa mpini wa bisibisi, kwa upole, kama anabisha hodi. Mara ya nne Kikongwe akakohoa. Sepetu akapiga vigelegele kama mwanamke, tukamnyamazisha.

Akauliza tarehe. Nikaandika Aprili 12, namba moja moja, na mwaka wake. Hakuna aliyeniharakisha.

"Sikilizeni," Fundi akasema. "Tundu la waya limeoza, hatuwezi kuhamisha. Tutafungua ukurasa mmoja mmoja, dada apige picha kwa kishikwambi. Diski imeliwa sehemu. Ikizima leo haitawaka tena. Msiwe na pupa."

Watu wa Januari mosi walikuwa wamepangwa kwa zamu ya kuingia, wa kwanza hadi wa sitini na tatu, na ukurasa huenda mbele tu. Nilijua mke wa Mshonaji yuko mwishoni, ni wa mvua za mwaka jana. Nikamwomba Fundi, "Nimtafute yeye kwanza, kwa jina. Mmoja tu."

"Kutafuta jina kunaipitisha diski nzima, mama, hata palipooza. Ikikwama, umewapoteza wote. Ukienda kwa zamu, kila unayemfungua umeshamwokoa."

Wote watatu walinitazama. Kiti kilikuwa changu.

Nikamfikiria mzee na mkongojo wake. Nikawafikiria wale sitini na wawili, ambao nao nyuma yao wako watu wenye vikongojo vyao, sema hawajafika tu dirishani. Nikabonyeza ukurasa wa kwanza.

Kila mmoja alichukua dakika nne, tano. Kikongwe anasaga, jina linatokea, Msimamizi anapiga picha, mimi nalisoma kwa sauti, Sepetu anaitikia namba kama zamani: "D-6, haya." Wa kumi na nne ndiye yule wa D-17. Mwanamume, muuza maziwa. Sepetu akavua kofia tena. Saa sita hatukula. Saa nane tulikuwa arobaini na mmoja. Mvua ikaongezeka, taa zikafifia mara mbili, na kila zilipofifia Msimamizi alinishika bega. Hamsini. Hamsini na tano. Nikaanza kusali kwa sauti bila kujua.

Wa hamsini na nane alikuwa mwalimu wa shule, D-44. Nikabonyeza. Kikongwe akasaga, akasaga, akatoa sauti nyembamba kama birika linalokaribia kuchemka, na maandishi ya kijani yakajikusanya yakawa nukta moja katikati ya kioo. Nukta nayo ikazimika. Umeme ulikuwepo. Ni yeye tu.

Fundi aligonga hodi mpaka saa kumi na moja.

Aprili 16

Mshonaji alikuja. Nilimkalisha, nikamwambia yote, na la mwisho nikamwambia kwamba ningeweza kujaribu kumtafuta mkewe kwanza nikaacha.

"Uliacha."

"Niliacha, baba."

"Na yule dada nilimgongea meza kwa maneno yako."

"Kwa maneno yangu."

Alikwenda kwa Msimamizi, akasimama mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, nilikukosea." Aliponipita hakuniaga. Nimemwona akivuka lango, mvua inamnyeshea, na sikuthubutu kumfuata na mwavuli.

Aprili 21

Mvua. Tumepita kitalu D na ramani na nondo ya Sepetu. Anaichomeka udongoni pole pole, anasikiliza kwa mkono. Yale ambayo kishikwambi kinasema ni wazi, na nondo inasema yana watu, ni matano: D-22, D-31, D-33, D-38, D-46. Waliobaki ni watano. Vibali vya makao makuu vimetupa majina yao: wanaume wawili, wanawake wawili, mtoto mmoja. Kaburi la D-33 ni fupi, kwa hiyo mtoto tumemjua. Wale wanne hatuna njia ya kujua yupi ni yupi, na kufukua hakuruhusiwi, wala Sepetu hangekubali.

Kishikwambi kinakataa kaburi lenye mtu lisilo na jina. Msimamizi ameandika majina yote manne kwenye kila moja. Kimekubali.

Aprili 30

Mvua inapungua. Nimemwandikia Mshonaji barua, nikamwambia yuko katika mojawapo ya manne. Hajajibu.

Mei 7

Jua, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Udongo umeanza kupasuka juu.

Mshonaji amekuja. Amepiga pasi shati. Hakuuliza habari za nyumbani, alisema tu, "Nionyeshe."

Tukashuka kitalu D, mimi mbele, yeye na mkongojo nyuma, tukipumzika kila hatua ishirini. Sepetu alikuwa amefyeka. Nikamwonyesha D-22. Alivua kofia akasimama.

"Mama," akasema, si kwangu, "nimekuja. Nimechelewa."

Akasimama muda wa mtu kusimulia safari ndefu. D-31, vilevile, maneno yaleyale, bila kupunguza hata moja. Tulipofika D-38 nilishindwa, nikaanza kulia, nikaanza tena kuomba msamaha.

"Usinililie, dada," akasema. "Nionyeshe la nne."

D-46 liko chini kabisa, ukutani, mahali maji yalikuwa yakituama. Alizama kidogo, nikamshika mkono, hakuutoa. "Mama, nimekuja. Nimechelewa." Tulipogeuka kupanda, akasimama kwenye kile kituta kifupi tulichokipita.

"Na hili?"

"La mtoto, baba. Hilo tuna hakika si yeye."

"Nimesikia. Ana mtu?"

"Jina tunalo. Mtu hajaja."

Akanipa mkongojo nimshikie. Akavua kofia, akainama taratibu kwa nyonga ile mbovu mpaka akaugusa udongo kwa vidole.

"Nimechelewa," akamwambia.